Gari Hushuka Bei, Spea Hazishuki

Fungua usiku huu tovuti yoyote ya wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japan, andika mwaka 2007, kisha panga kuanzia bei ya chini. Hutachelewa kuiona Mercedes-Benz S-Class: viti vya ngozi, mbao zilizong'arishwa kwenye dashibodi, nafasi ya nyuma ya kukaa kama waziri. Bei yake inakaribiana na ya Toyota Noah ya mwaka huohuo. Shuka kidogo utakutana na BMW X5, nayo hivyohivyo. Sasa tafuta Land Cruiser ya umri uleule. Bei itaruka mara tatu, pengine nne. Hapo ndipo wengi hupiga hesabu ya haraka: kama Benzi ya bosi inapatikana kwa bei ya gari la kubebea familia na magunia, ya nini kununua Noah?

Hesabu hiyo imewaachia watu wengi gari zuri lililofunikwa turubai uani. Aliyeikosea hakukosea kusoma bei. Alikosa kujiuliza kwa nini Mjapani anaiuza bei hiyo. Nchini kwao gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huja pamoja na kodi na bima zake. Kila mwaka mwenye gari hulipa kodi nyingine kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi hiyo huongezwa. Mwenye fedha za S-Class hataki S-Class iliyozeeka, na asiye na fedha hizo hawezi kuitunza. Gari linapelekwa mnadani, na wanunuzi wa kwao wanalitazama wakijua fika gharama zinazolifuata. Land Cruiser haina shida hiyo kwa sababu inagombewa na nusu ya dunia, kuanzia Uarabuni hadi migodi ya Congo.

Kwa hiyo bei ile ndogo unayoiona kwenye simu ni tathmini ya watu wanaoyajua magari hayo kuliko sisi. Na kilichoshuka ni gari lenyewe. Spea zake hazikushuka. Shokapu ya upepo ya S-Class haijui kwamba wewe ni mmiliki wa nne na kwamba ulilipa bei ya Noah. Inauzwa bei ileile anayouziwa tajiri aliyelitoa gari dukani likiwa jipya. Unanunua kwa fedha za Noah, unatunza kwa fedha za S-Class. Mengine yote nitakayoyasema ni matawi ya jambo hilo moja.

Wanaonunua magari ya kifahari yakiwa mapya kabisa, kwa wakala, na dhamana ya kiwanda mkononi, nawapita haraka. Kwao swali la thamani ni dogo: gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka michache ya mwanzo, la kifahari hupoteza fedha nyingi zaidi kwa kuwa lilianza juu zaidi, na mwenye uwezo huo analijua hilo na ameridhika. Ushauri huu ni wa yule mwenye Sh milioni 30 au 50 alizozikusanya kwa jasho au kwa mkopo wa mshahara, anayetaka kujua kama azitie kwenye Crown, Harrier, Benzi au BMW, badala ya kununua IST na kubaki na chenji.

Tuanze na haki ya magari haya, maana wapo wanaosema kwamba gari la kifahari ni jina tu. Si kweli. Mkanda wa kiti wa pointi tatu, huu tunaojifunga sote, uliletwa na Volvo mwaka 1959. Breki za ABS za kielektroniki zilianza kuuzwa kwenye S-Class mwaka 1978, mfuko wa hewa wa dereva ukafuata kwenye S-Class hiyohiyo mwaka 1981, na mwaka 1995 Mercedes, ikishirikiana na kampuni ya Bosch, ikaleta mfumo wa kulizuia gari lisiyumbe na kupoteza njia. Teknolojia ya usalama mara nyingi huanzia kwa matajiri, kisha hushuka polepole mpaka kufika kwenye Vitz. ABS na mifuko ya hewa zimekwisha kufika. Ule mfumo wa kuzuia kuyumba umechelewa: magari madogo mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 hayana, ilhali Benzi na BMW za umri huo zinao. Kwa mtu anayeshuka Kitonga mvua ikinyesha, au anayesafiri kila wiki kati ya Dodoma na Mwanza, tofauti hiyo ni ya uhai, na sitamcheka akiilipia. Toyota huuita mfumo huo VSC. Tafuta kitufe chake karibu na usukani au kwenye dashibodi. Ukikikuta kwenye gari la bei ya kati umepata sehemu muhimu ya ufahari bila kulipa jina.

Kiti nacho ni halali yake. Mwenye mgongo mbovu anayeendesha saa nane kwa siku anajua tofauti ya kiti kilichobuniwa vizuri na kiti cha gari la mjini. Vivyo hivyo utulivu wa ndani na uzito unaolishika gari barabarani malori yakipishana nalo. Hivi huvipati kwenye Passo hata ukiweka viti vipya vya ngozi kwa fundi wa Ilala.

Lakini kuna sehemu ya bei ambayo ni nembo tupu, na mifano iko wazi. Harrier ya mwaka 1997 iliyouzwa Japan kama Toyota ndiyo iliyouzwa Marekani kama Lexus RX 300. Kizazi kilichofuata, kile ambacho vijana wa mjini walikipa jina la tako la nyani, nacho kilikuwa hivyohivyo: gari moja, nembo mbili. Lexus LX imejengwa juu ya Land Cruiser. Porsche Cayenne na Volkswagen Touareg zilizotoka mwaka 2002 zilibuniwa pamoja, na Audi Q7 ya kwanza ikatumia msingi huohuo. Anayetaka raha ya gari lenyewe na kuwaachia wengine nembo ana pa kuanzia. Kwa maoni yangu Harrier ndiyo gari la kifahari lililotufaa kuliko yote katika miaka 20 hii, kwa sababu moja isiyo na mbwembwe: ukienda Kariakoo kutafuta spea yake, muuzaji haagizi, ananyoosha mkono rafuni.

Twende bandarini. Kodi za Tanzania huangalia ukubwa wa injini na umri wa gari, na magari mengi ya kifahari yanayotuvutia hufeli mitihani yote miwili, maana injini ni kubwa na umri umekwenda. Chukua gari linalothaminiwa Sh milioni 20 likifika Dar es Salaam, injini zaidi ya cc 2,000, umri zaidi ya miaka 10. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka hii, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 5. Juu ya jumla hiyo ya milioni 25 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, halafu mwingine wa uchakavu wa asilimia 30. Umefika milioni 35. VAT ya asilimia 18 inawekwa juu ya yote hayo, na gari linatoka likiwa na zaidi ya milioni 41 kabla ya tozo ndogondogo, usajili na wakala wa forodha. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo usinishike kwa tarakimu; shika mpangilio wake, kodi juu ya kodi. Na jambo linalowaumiza wengi: mamlaka ya mapato, TRA, haifungwi na risiti yako. Ina mfumo wake wa thamani za magari yaliyotumika, na Benzi uliyoipata kwa bei ya kutupa mnadani inaweza kuthaminiwa juu kuliko ulivyoilipia. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao bila malipo. Kitumie kabla hujatuma hata dola moja.

Kenya mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Huko anayetaka S-Class ya 2007 anainunua mkononi mwa mtu, ikiwa imeshafanya kazi kwenye barabara zetu. Ushauri haubadiliki, tahadhari ndiyo inayoongezeka.

Sasa gereji, na hapa nitakaa.

Ugonjwa wa kwanza ni mfumo wa upepo. Mercedes nyingi kubwa, Range Rover, Land Rover Discovery 3 na wenzao hawakai juu ya springi za chuma bali juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, inayosukumwa na kompresa. Kwenye lami nzuri ni raha ya kipekee. Lakini mpira huzeeka kwa joto na vumbi hata gari lisipotembea, na mfuko ukianza kuvuja kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Asubuhi unatoka unakuta gari limepiga magoti upande mmoja. Hapo una njia tatu: kununua kipya kwa bei ya kiwanda, kutafuta kilichotumika, wengi huagiza Dubai au Sharjah yanakochinjwa magari ya aina hiyo, au kung'oa mfumo wote na kuweka springi za kawaida. Hii ya tatu ni ya kawaida sana mjini. Inafanya kazi, ila jiulize: ulilipia ulaini wa S-Class, umebaki na nini?

Matairi ni mengine. BMW nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya run-flat, yanayoweza kutembea yakiwa yametoboka, na kwa hiyo hazikuwekewa tairi ya akiba. Ukuta wake ni mgumu. Kwenye shimo la barabara ya mtaani kinachoumia ni tairi pamoja na rimu. Wengi huishia kuweka matairi ya kawaida, halafu wanasafiri kwenda Songea bila akiba. Ukiinunua BMW, hesabia tairi ya akiba na jeki tangu siku ya kwanza.

Injini zina hadithi zake, na uzuri wa zama hizi ni kwamba hadithi hizo zinajulikana kwa namba. Injini ya V6 ya Mercedes inayoitwa M272, kwenye magari ya katikati ya miaka ya 2000, ilikuwa na gia ndogo ya shafti ya mizani iliyolika mapema. Kuibadili kunataka injini ishushwe. Injini ya dizeli ya BMW inayoitwa N47 ina cheni iliyowekwa upande wa nyuma, karibu na giaboksi, na cheni ikichoka kazi yake si ya mchana mmoja. Magari yenyewe hayastahili kutukanwa kwa hilo. Lakini ukienda kununua, nenda na namba ya injini kichwani. Muuzaji anayesema "ni Benzi tu, zote ni ngumu" hajui anachouza, au anajua sana.

Na nani atalitengeneza? Fundi wa Toyota yuko kila kona, kuanzia Tandika hadi Tunduma, na anasikiliza injini kwa sikio. Gari la Kijerumani la miaka 15 iliyopita ni mtandao wa kompyuta. Ukibadili kifaa bila kukitambulisha kwa mashine sahihi linakikataa. Mafundi wanaoyaweza wapo, na wengine ni wazuri sana, ila wengi wako Dar, Arusha na miji michache, na wanazijua bei zao. IST ikiharibika Kahama inapona jioni. Audi ikiharibika Kahama inasubiri mzigo wa basi kutoka Dar, na kama Dar hakuna, inasubiri ndege. Anayeishi mkoani na gari ndilo linalompeleka kazini alipime jambo hili kabla ya kupima viti vya ngozi.

Usisahau wezi. Wamiliki wa Dar huchonga namba ya usajili kwenye vioo, taa na sidemira kwa sababu wanajua kitakachotokea. Sidemira ya IST ikiibwa ni hasira ya siku moja. Sidemira ya Range Rover yenye mota ya kujikunja, kamera na taa yake ni kikao cha familia.

Mafuta yanahesabika kwa penseli. Tuseme unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, na lita ni Sh 3,000 kwa wepesi wa hesabu. Bei halisi hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 125. Linalokwenda kilomita 6 litakunywa 250. Tofauti ni Sh 375,000 kwa mwezi, milioni 4 na nusu kwa mwaka, na hapo foleni ya Mwenge haijaingia. Ukikaa na gari miaka mitano umekunywa zaidi ya milioni 22 za tofauti, sawa na kiwanja pembezoni mwa mji. Fungua pia kifuniko cha tangi: magari mengi ya kifahari ya Japan yana karatasi ya Kijapani inayotaka petroli ya daraja la juu. Mwombe anayeijua lugha akusomee, au ipige picha kwenye programu ya kutafsiri.

Kuhusu lugha hiyo, sehemu ya ufahari unaouona kwenye picha haitakufuata. Ramani ni za Japan. Redio nyingi hupokea mawimbi ya FM ya kwao, kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo vituo vyako vingi hutavipata bila kifaa cha ziada. Na kila ukiwasha gari, mwanamke mwenye sauti ya upole atakukumbusha kwa Kijapani kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara kuu za huko. Nimewahi kusikia abiria akiitikia salamu.

Najua msomaji mwingine ameshanuna. Atasema nimesahau heshima. Sijasahau. Mjini kwetu gari linasema kabla ya mwenyewe, na asiyekubali hilo hajawahi kufika getini kwa hoteli akiwa kwenye Vitz. Wapo ambao kazi yao inategemea kuonekana: mwenye kampuni ya kukodisha magari ya harusi, wakala wa nyumba za bei kubwa, mkandarasi anayekwenda kukutana na wawekezaji. Kwao sehemu ya bei ni gharama ya biashara, na iandikwe hivyo kwenye vitabu. Ila heshima hiyo ina ankara yake. Bei sokoni hupanda ukishuka kwenye BMW. Fundi anakadiria kwa kuangalia nembo. Kamati ya harusi ya binamu inakupangia mchango mnono bila kukuuliza. Benki nayo, ukienda kuomba mkopo, itataka kuona mzunguko wa akaunti, haitatoka nje kuangalia maegesho. Kama heshima ndiyo unayoinunua, itaje kwa jina lake nyumbani, mbele ya mwenzako, kisha mkubaliane bei. Kinachoharibu nyumba ni kuinunua heshima huku ukiapa kwamba umenunua usafiri.

Umri wa gari una hatari moja isiyochagua tajiri wala maskini: mifuko ya hewa ya Takata. Kampuni hiyo ya Kijapani ilitengeneza vilipuzi vya mifuko ya hewa vilivyotumia amonia nitrati, kemikali inayoharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu. Vikiharibika, ajali ikitokea vinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma ndani ya gari. Watu wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali, makumi ya mamilioni ya magari yakaitwa kurudishwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Toyota, Honda, BMW na wengine wengi wamo kwenye orodha. Joto na unyevunyevu ni hali ya kila siku kuanzia Tanga hadi Mtwara. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari, uone kama liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni dakika chache, na karibu hakuna anayefanya.

Basi nani anunue? Nionavyo, gari la kifahari linastahili bei yake kwa mtu ambaye baada ya kulilipia, pamoja na kodi zote, anabaki na theluthi ya bei hiyo benki kwa ajili ya gari lenyewe, na ana gari au njia nyingine ya kufika kazini likiwa gereji wiki mbili. Asiyefikisha hapo akitaka raha, abaki ndani ya ukoo wa Toyota: Harrier, Crown, Mark X au Prado kwa mwenye mkono mrefu. Anayeng'ang'ania Ujerumani achague gari dogo zaidi la umri mdogo, C180 badala ya S350, springi za chuma badala ya upepo, petroli badala ya dizeli yenye kichujio cha moshi kinachoziba kwenye safari fupi za mjini. Gari kuukuu na kubwa kwa bei ya gari dogo ndilo la kukimbia.

Ukishalipata unalolitaka, omba karatasi ya mnada na isomwe na mtu asiye wa muuzaji; alama ya R humaanisha liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na zile za dashibodi. Kisha nenda Gerezani au Kariakoo, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, na uulize bei za vitu vitano vya gari hilo: shokapu ya mbele, diski na pedi za breki, sidemira, giaboksi iliyotumika, na taa ya mbele. Ziandike kwenye karatasi moja, umwonyeshe unayegawana naye mshahara. Na kama umezunguka siku nzima hukupata mtu wa kukutajia bei ya taa ya mbele, usitume fedha Japan.